Chekechea ya Bure na Mtoto wa Askari Mpakani Tororo

Askari anayehamishiwa Tororo, awe wa kambi ya Rubongi au wa kituo cha polisi kule Malaba, huwa na mambo mawili ya kutafuta kabla hata hajayazoea mazingira: nyumba ya kuishi jamaa yake, na shule ya watoto wake. La nyumba hushughulikiwa na kikosi, vizuri au vibaya. La shule si zito kwa mwenye mtoto wa miaka sita au saba, maana atamshika mkono na kumfikisha katika shule ya msingi ya Serikali iliyo karibu, naye ataandikishwa. Mwenye mtoto wa miaka minne ndiye ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipatwa na mshangao. Mwalimu mkuu humwambia kwamba mtoto bado mdogo. Akiuliza ilipo chekechea ya bure, huelekezwa kwenye nyumba ya mtu binafsi yenye picha za wanyama ukutani, ambako kitu cha kwanza kutajwa ni karo.

Hapana ukaidi wa mwalimu katika jambo hili. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao wananchi wameuzoea kwa herufi zake UPE, ulipoanzishwa nchini Uganda mwezi Januari 1997 ulianzia darasa la kwanza. Ulikuwa mpango mkubwa: wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Kwa mzigo wa namna hiyo, si ajabu kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfikiria mtoto wa miaka minne. Ndipo ilipokuja Sheria ya Elimu ya mwaka 2008. Sheria hiyo iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya masomo katika nchi, lakini papo hapo ikatamka kwamba ngazi hiyo iendeshwe na watu au mashirika ya binafsi, kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano, na kwamba gharama zake ziwe juu ya mzazi au mlezi. Elimu iliyofanywa ya wote na ya lazima ni ile inayoanza mtoto akitimiza miaka sita. Kwa maneno mengine, ngazi ya kwanza ilitambuliwa, ila haikutengewa fedha.

Katika mikoa mingine ya Uganda mzazi anaweza kudhani kwamba ndivyo mambo yalivyo duniani kote. Mkazi wa mpakani hawezi kudhani hivyo, kwa kuwa akivuka daraja la Malaba anaona jambo jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ikaikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Busia ikiwamo, zilianza kujenga vyumba vya madarasa na kuajiri walimu wa watoto wadogo. Tangu mtaala mpya ulipoenezwa nchini humo mwaka 2019, mtoto wa Kenya hutazamiwa kusoma chekechea miaka miwili, akiwa na miaka minne na mitano, ndipo aingie darasa la kwanza. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka huo. Basi watoto wa ndugu wawili, waliozaliwa mwendo wa nusu saa baina yao, wanaweza mmoja kuwa na kiti chake katika darasa la umma, na wa pili kuwa na kiti iwapo tu baba yake ana fedha mwezi huo.

Isifikiriwe kwamba ng'ambo ya mto mambo yote ni shwari. Wazazi wa upande wa Kenya bado huombwa michango, hasa ya uji, na walimu wa chekechea walioajiriwa na kaunti wamelalamika kwa miaka mingi juu ya mishahara na mikataba yao. Tanzania nayo ina funzo lake. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada ziliondolewa kuanzia darasa hilo la awali hadi kidato cha nne. Watoto wakaja kwa wingi kuliko walimu waliokuwapo, madarasa yakafurika. Zanzibar ilikuwa imeitangulia Bara, maana sera yake ya mwaka 2006 ilikwisha kuiingiza elimu ya awali katika elimu ya lazima. Na huko Afrika Magharibi, Ghana iliingiza miaka miwili ya chekechea katika elimu ya msingi ya bure tangu mageuzi ya mwaka 2007. Nchi hizi si tajiri za kupindukia. Kila moja imepata taabu, lakini ni taabu ya kukosa walimu na vyumba vya kutosha, ambayo hupimika na kupunguzwa mwaka hata mwaka.

Hoja inayotolewa mara kwa mara na wanaopinga chekechea ya umma ni gharama. Hoja hiyo yafaa itazamwe kwa makini, kwa sababu inasahau jambo moja ambalo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza katika vijiji vya Tororo analijua. Mzazi asiye na karo ya chekechea hakai na mtoto nyumbani mpaka atimize miaka sita. Humpeleka darasa la kwanza la UPE akiwa na miaka minne au mitano, pengine akimwongezea umri kwa mdomo, kwa kuwa hapo ni bure. Mtoto hukaa nyuma ya darasa, hajui kushika kalamu, husinzia saa nne asubuhi, na mwisho wa mwaka hurudia darasa lile lile. Wengine hulirudia mara mbili. Hivyo darasa la kwanza limegeuzwa kuwa chekechea isiyo na jina, na Serikali inailipia: inalipa kiti kimoja mara mbili au tatu, inalipa mwalimu aliyezidiwa na idadi, na kisha inampoteza mtoto huyo katika darasa la tatu au la nne anapokata tamaa. Swali, basi, si kama Serikali igharimie watoto wa miaka mitano au isiwagharimie. Inawagharimia tayari, mahali pasipowafaa. Askari watanielewa nikisema kwamba hakuna kamanda anayempeleka kuruti kwenye gwaride la kuhitimu katika wiki yake ya kwanza, kisha akashangaa kwamba hakanyagi sawa.

Mtoto wa kambini ana mashaka yake mengine juu ya hayo. Kwanza ni lugha. Kwa utaratibu wa mtaala ulioanza mwaka 2007, madarasa matatu ya mwanzo nje ya miji hufundishwa kwa lugha ya mahali. Tororo ina Dhopadhola, Ateso, Lusamia na Lunyole, kutegemea tarafa. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba za askari, baba akitoka Arua na mama Kasese, huenda lugha yake ya kucheza ni Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri liliagiza mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka mmoja wa chekechea ungempa mtoto huyo muda wa kuzoea sikio la mahali kabla hajaanza kupimwa kwa mitihani. La pili ni uhamisho. Karo iliyolipwa Tororo hairudishwi baba anapopelekwa Moroto katikati ya muhula, na huko huanza upya kulipa.

La tatu ni kumbukumbu ambayo haijafifia. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, ilhali Kenya ilikwisha kufungua zote Januari 2021. Mtoto aliyekuwa na miaka minne wakati wa kufungwa aliingia darasa la kwanza akiwa na karibu sita, hajaona chekechea hata siku moja. Shule nyingi za binafsi zilikuwa zimefilisika kwa kukosa karo, baadhi zikawa maduka na nyumba za kupangisha. Ngazi iliyoachwa yote mikononi mwa soko iliporomoka pamoja na soko.

Mpango wa kuambatisha darasa la awali katika shule za msingi za Serikali umezungumzwa mara nyingi. Wakati wo wote utakapotekelezwa, la kutazama si uzinduzi, bali orodha ya mishahara: je, mwalimu wa darasa hilo amo ndani yake, au atalipwa kwa michango ya wazazi? Chumba hupatikana, hata chini ya mwembe watoto huimba. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa kila mwezi ndiye adimu.

Wakati huo huo, askari mwenye mtoto mdogo na ajipatie mapema cheti cha kuzaliwa kutoka mamlaka ya usajili na vitambulisho, aitunze kadi ya chanjo, na kabla ya kulipa karo aulize katika ofisi ya elimu ya wilaya kama chekechea anayoifikiria imesajiliwa. Umri wa mtoto autaje kwa ukweli. Muhula wa kwanza huanza Januari upande wa Kenya, na kwa kawaida Februari upande wa Uganda, kwa hiyo aliyeletewa barua ya uhamisho mwezi Desemba bado ana majuma machache ya kuyatimiza hayo.