Tezi za Shingoni na Mapigo ya Moyo

Mfugaji wa Kitale hana haja ya kufundishwa juu ya homa ya maziwa. Ng'ombe wa gredi huzaa jioni, na asubuhi huonekana amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Daktari wa mifugo huja na chupa ya kalisi, yaani madini yaliyomo katika maziwa na mifupa, akaitia mshipani polepole huku akiusikiliza moyo. Siku moja nilimwuliza daktari mmoja sababu ya kukawia hivyo. Akanijibu, "Bwana Karani, nikiharakisha, moyo utasimama."

Jibu hilo nililikumbuka nilipofika nyumbani Bungoma nikamkuta baba yangu mdogo hali yake dhaifu. Kwa miaka miwili alikuwa akichoka bila kazi, akinywa maji mengi, akiamka usiku kukojoa. Mara mbili alikuwa ametoa mawe ya figo, na moyo ulimruka kama kifaranga aliyeshikwa mkononi. Wengine walisema ni uzee, wengine wakanong'ona juu ya uchawi. Mwisho daktari alipima kalisi katika damu yake, akaikuta imezidi. Chanzo kilikuwa tezi ya shingoni.

Tezi hizo huitwa parathiroidi. Mtaalamu Mwingereza Richard Owen aliziona karibu na mwaka 1850 alipompasua kifaru aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London; na mwaka 1880 Ivar Sandström wa Uswidi alieleza zile za binadamu. Kwa kawaida mtu anazo nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele, nyuma ya tezi ile ifanyayo rovu. Kazi yake ni kulinda kiasi cha kalisi katika damu. Ikipungua, hutoa homoni iamuruyo mifupa iachilie kalisi na figo ziizuie isipotee. Ikitosha, hunyamaza.

Katika ng'ombe wa homa ya maziwa, kalisi huchotwa na maziwa upesi kuliko mifupa iwezavyo kuirudisha. Ugonjwa wa baba mdogo ulikuwa kinyume chake: tezi moja ilivimba ikawa haisikii tena, mfano wa karani wa ghala atoaye mahindi usiku na mchana bila kutazama daftari.

Moyo, katika kila pigo, huingiza kalisi ndani ya nyama yake ipate kujikaza, kisha huiondoa ipate kulegea. Kalisi ikizidi, mapigo huweza kwenda kombo, na ikizidi mno moyo huweza kusimama. Miaka ikipita, mishipa huweza kukakamaa, shindikizo la damu likapanda, ukuta wa moyo ukanenepa, na kalisi ikatua katika vilango vya moyo kama utando mweupe ndani ya birika.

Wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi wana hatari yao pia. Kwao fosfeti hujaa, vitamini D yenye nguvu hupungua, nazo tezi husukumwa kufanya kazi kupita kiasi, hata kama kalisi haikuzidi.

Basi, ndugu msomaji, ukiona uchovu, kiu, mawe ya figo, maumivu ya mifupa na moyo kwenda mbio vikifuatana, mwombe daktari akupime kalisi. Na ikizidi, ipimwe homoni yenyewe. Mwonyeshe pia vidonge unavyomeza. Dawa za kukojoza za jamii ya thiazidi, ambazo wengi hupewa kwa shindikizo la damu, huweza kuongeza kalisi. Nayo digoksini, dawa ya moyo, huwa ya hatari zaidi kalisi ikizidi. Lakini usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, wala usinunue vidonge vya kalisi kwa kuwa jirani amekusifia.

Baba mdogo alipasuliwa, tezi mbovu ikaondolewa. Kiu imekwisha, na moyo wake umetulia. Shindikizo la damu halikumwacha, maana upasuaji huponya tezi, lakini si kila mara hurudisha yaliyokwisha kuharibika. Miaka miwili ile ya kunong'ona haikumfaa kitu. Ng'ombe akianguka, twamwita daktari kabla jua halijapanda. Je, mzee wetu hastahili haraka kama hiyo?