Baba Mdogo na Tanganyika Yake

Jumapili iliyopita nilikuwa Musoma, kando ya ziwa, nakula sato kwa hela ya baba mdogo. Si unajua tena, mwenye nacho akiongea, mwenye njaa husikiliza! Ana mabasi, ana nyumba Bunda na Mwanza, na mezani kwake hukaa wazito wenzake.

Siku hiyo mada ilikuwa Muungano. "Tuachane tu," akasema baba mdogo. "Wenzetu wana rais wao, bendera yao, wimbo wao. Tanganyika yetu iko wapi?" Wazito wakagonga glasi.

Mimi nikabaki mdomo wazi. Mwaka 1993, wabunge 55 walipodai serikali ya Tanganyika, huyu huyu alikuwa karani wa mshahara mdogo, na alikuwa upande wa Mwalimu, aliyeipinga hoja ile mpaka akaiandikia kitabu. Mwaka 2013 Jaji Warioba, mtoto wa Bunda, alipoleta rasimu ya serikali tatu, baba mdogo akahamia huko. Leo hata tatu hazitaki! Kumetokea nini? Kumbe alikwenda Unguja kutafuta kiwanja cha ufukweni, akaambiwa ardhi ya kule ni ya Wazanzibari. Basi!

Tusidanganyane, hapo ana hoja. Mzanzibari anaweza kununua kiwanja Bunda, wa Bunda hanunui Unguja. Anayeuliza si msaliti. Hata Tume ya Warioba ilisema asilimia 61 ya watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu. Bunge Maalumu likarudisha mbili mwaka 2014, na kura ya maoni haijapigwa mpaka leo. Ila jamani, serikali tatu ni kugawana vyumba. Kuachana ni kubomoa nyumba. Wazee wetu hawa wawili, wa Butiama na wa Bunda, walitofautiana juu ya vyumba tu.

Nikajikaza kisabuni. "Baba, na dada yetu aliyeolewa Mwanakwerekwe? Wajukuu wako wakija likizo, pasipoti watagongewa mhuri wapi, stendi ya Bunda?"

Meza ikacheka. Baba mdogo hakucheka. Akamtazama sato wake mpaka akapoa. "Wale ni wetu," akasema taratibu.

Enhee! Mwalimu, anayepumzika Butiama, alionya kwamba ubaguzi ukishaanza hauna breki. Sisi wa Mara tunamwelewa haraka. Leo ni Mtanganyika na Mzanzibari, kesho Mjita na Mkurya, keshokutwa koo kwa koo.

Kwa hiyo wewe kijana, ukimsikia mzito anataka nchi igawanywe, muulize kwanza alikosa kiwanja wapi. Kiwanja kidaiwe, tena kwa sauti kubwa, lakini wajukuu wasiwekwe rehani.

Tukutane wiki ijayo. Bili alilipa yeye, msinisengenye!