Kwa nini hadithi ndefu za njozi hazifiki mwisho?

BUNIA – Mtoto aliyezaliwa mwaka 1996, mwandishi wa Marekani George R.R. Martin alipotoa kitabu cha kwanza cha «A Song of Ice and Fire», leo anaweza kuwa mzazi. Hadithi yenyewe bado haijaisha. Kitabu cha 5 kilitoka mwaka 2011, na cha 6 wasomaji wangali wanakingoja. Filamu yake ya televisheni, «Game of Thrones», ilimaliza mwaka 2019 na kumwacha mwandishi nyuma.

Wengi husema ni uvivu, au pesa zimemshibisha. Lakini miaka ya vitabu hivyo inaonyesha jambo lingine. Cha 2 kilitoka 1998, cha 3 mwaka 2000, cha 4 mwaka 2005, cha 5 mwaka 2011. Kadiri hadithi inavyosonga, ndivyo mwandishi anavyochelewa zaidi.

Mwanzoni Martin alipanga vitabu 3 tu. Tatizo ni kwamba kila mhusika mpya ni ahadi: ana familia, adui na safari yake, na msomaji anataka kujua ataishia wapi. Kitabu cha kwanza hufungua milango, cha mwisho kinapaswa kuifunga yote. Tena mwandishi hawezi kurudi kusahihisha mwanzo, kwa sababu vitabu vya kwanza vimekwisha kuuzwa dunia nzima.

Kuna pia kifo. Robert Jordan, aliyeanza «The Wheel of Time» mwaka 1990, alifariki 2007 kabla ya kumaliza. Brandon Sanderson alitumia maandishi aliyoyaacha ili kufikisha hadithi kwenye kitabu cha 14, mwaka 2013.

Waandishi wa Kiswahili walipita njia nyingine. Mwaka 1951 Shaaban Robert alibuni Kusadikika, nchi inayoelea angani, na akaimaliza katika kitabu kimoja chembamba. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtumia mpelelezi wake Bwana Msa tangu «Mzimu wa Watu wa Kale» mwaka 1960 hadi «Kosa la Bwana Msa» mwaka 1984. Mpelelezi ni yuleyule, lakini kila kitabu kina fumbo lake na jibu lake.

Kwetu Kongo, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora albamu 7 za «Mandrill» kati ya 1998 na 2007, Mfaransa Frank Giroud akiandika hadithi. Kazi ya watu wawili ina faida moja: daima kuna mtu wa kukuuliza umefika wapi.

Jambo hili linagusa hata Rwambuzi na mitaa mingine ya Bunia, ambako kijana mwenye hadithi huiandika kwenye daftari au simu. Hana mchapishaji wa kumlipa mapema. Umeme hukatika, kuchapisha ni ghali, na vita vya Ituri vimelazimisha familia nyingi kukimbia mikono mitupu. Siku ya kukimbia, daftari si kitu cha kwanza kubebwa.

Kwa mwandishi wa namna hiyo, kuahidi vitabu 10 ni kuchukua deni lisilolipika. Njia ya Abdulla inamfaa zaidi: dunia moja, mashujaa walewale, lakini kila kitabu kimalize habari yake. Likitokea lolote, msomaji atabaki na hadithi kamili mkononi.