KWANZA WAIACHA IOZE, HALAFU WASEMA IMEOZA

Ndugu wafanya kazi,

Nataka kusema juu ya nyumba ya zimamoto iliyovunjwa katika mji mmoja nilikofanya kazi ya reli. Mji sitautaja, maana ugomvi wangu si na mkubwa mmoja. Ugomvi wangu ni na desturi, na desturi hiyo iko katika miji mingi, na kesho yaweza kufika katika mji wako.

Nyumba hiyo ilikuwa ya zamani, ya mawe, yenye milango miwili mikubwa ya mbao na kengele juu ya paa. Ilijengwa upande wa soko, na aliyechagua mahali pale hakuwa mjinga. Reli hukata mji ule vipande viwili: huku soko, maseremala na vyumba vya wafanya kazi, kule ofisi, benki na nyumba za wakubwa. Moto hupenda mahali watu waliposongamana, basi zimamoto iliwekwa hapo hapo.

Mimi nilipofika, paa lilikuwa likivuja. Mwaka wa pili mlango mmoja ulianguka, ukaegemezwa ukutani. Mipira ya maji ilipopasuka ilifungwa kwa vipande vya tyubu za baiskeli. Watu wa zimamoto waliandika barua kuomba mabati, rangi na fundi mmoja. Hawakujibiwa. Kisha siku moja alikuja bwana mwenye tai na karatasi, akatazama nyufa, akaandika kwamba nyumba ni mbovu na ni hatari kwa watu. Kweli, ilikuwa mbovu. Lakini ni nani aliyeifanya mbovu? Mtu akimnyima ng'ombe wake majani mwaka mzima, kisha akamchinja kwa sababu amekonda, je, tumsifu kwa huruma yake?

Trekta lilikuja Jumamosi asubuhi, na kabla ya jua kuchwa nyumba ilikuwa lundo la mawe. Gari la zimamoto likahamishiwa katika ua wa ofisi, ng'ambo ya reli, chini ya turubai. Tukaambiwa kwamba ni kwa muda tu. Kiwanja kikazungushiwa mabati, na mwenye kuuliza habari zake akaambiwa asubiri.

Wakati huo mimi nilikuwa mlinda geti, pale barabara inapovuka reli. Usiku mmoja treni ya mizigo ilikuwa imesimama juu ya barabara, mabehewa yakipangwa. Nikaona wekundu mbinguni upande wa maseremala. Halafu nikasikia king'ora. Gari la zimamoto likaja mbio mpaka getini, likasimama mbele ya taa yangu nyekundu. Dereva akanipigia honi, kana kwamba naweza kuyabeba mabehewa kichwani. Nilikimbia kumwambia dereva wa injini avute mbele, lakini treni nzito si baiskeli. Upepo wa breki lazima ujae kwanza ndipo magurudumu yafunguke. Tulisimama tukitazama moto, wao na mpira wao wa maji, mimi na taa yangu.

Watu hawakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini vibanda, mbao, randa, misumeno, na vitanda ambavyo wateja walikuwa wamekwisha kuvilipia, vyote viligeuka majivu. Asubuhi seremala mmoja, mzee, aliniuliza bila hasira, "Kijana wangu, ni wewe uliyelizuia gari?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Sikuwa na jibu lingine.

Tangu siku hiyo nimelifikiri jibu langu, nami naona nilikosea. Gari lile halikuzuiwa na mimi usiku ule. Lilizuiwa Jumamosi ile ya trekta, na kabla ya hapo lilizuiwa na kila barua iliyotupwa bila kusomwa.

Wapo watakaosema: "Je, mwataka nyumba yenye nyufa iwaangukie watu wa zimamoto?" La, hatutaki. Nyumba iliyokwisha kufa na ivunjwe. Lakini sisi watu wa reli twajua jambo moja: hung'oi njia ya zamani kabla ya kutandika njia ya kupitia treni. Mwenye kung'oa kwanza na kuahidi baadaye, huyo tungemfukuza kazini siku hiyo hiyo. Kwa nini wenye kuendesha miji waruhusiwe?

Wengine watasema kiwanja kile kitaleta maduka, na maduka yataleta kodi. Mimi nauliza, maduka yatakapowaka, kodi itamwagwa juu ya moto?

Tena msidhani nasema kwamba jengo peke yake linatosha. Kituo kikuu cha zimamoto cha Nairobi kiko Tom Mboya Street, katikati ya mji. Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown liliwaka moto, mwendo wa dakika chache kutoka kituo hicho, na watu zaidi ya 20 waliangamia. Tarehe 28 Juni 2018 moto wa usiku uliua watu 15 Gikomba. Basi yatakiwa jengo, na maji, na magari mazima, na watu waliofunzwa na kulipwa mshahara wa haki. Lakini mkubwa aliyeshindwa kutunza paa, msitarajie atatunza pampu.

Tazameni pia jina la barabara ile. Tom Mboya alikuwa mfanya kazi wa baraza la mji wa Nairobi, mkaguzi wa afya, naye alianzisha chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa kabla ya kuongoza shirikisho la vyama vya Kenya mwaka 1953. Watu wa zimamoto ni watu wa mabaraza vile vile. Ni ndugu zetu. Barua zao zikitupwa, ni barua zetu zimetupwa.

Kama mnasema watu wa kawaida hawawezi kitu, sikieni habari ya Brooklyn, katika New York, Marekani. Mwaka 1975 mji ule uliishiwa na fedha, wakubwa wakaamua kufunga kituo cha zimamoto kilichoitwa Engine 212, katika mtaa wa watu wa viwandani. Wenyeji, wake kwa waume, waliingia kituoni, wakalala humo, wakapika humo, wakakaa muda wa miezi kama 16, mpaka wakubwa wakakubali kukirudisha. Wakakiita kituo cha watu. Lakini mwaka 2003 wakubwa wengine walikifunga tena. Hapo pana mafundisho mawili: mwenye kushikilia hupata, na mwenye kupata asilale.

Sisi hatuhitaji kulala ndani ya kituo. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeweka kazi ya zimamoto mikononi mwa kaunti, basi twajua mlango wa kubisha. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka makadirio ya kaunti yafikishwe kwenye bunge lake si baada ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mikutano hiyo hujaa wenye kutaka kandarasi, nasi tuko nyumbani tukinung'unika.

Nataka kila tawi la chama lifanye mambo matatu. La kwanza, liteue watu wawili waende kukitazama kituo cha zimamoto cha mji wao, paa, mipira, maji na magari, na kuleta habari kwenye mkutano. La pili, habari hizo zipelekwe kwa mwakilishi wa wadi kwa maandishi, kabla ya makadirio kupitishwa. La tatu, popote trekta litakapoonekana, neno letu liwe moja: jenga kwanza, vunja baadaye.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wetu wamepata njia yao: hawazibi ufa, wala hawajengi ukuta, huuza kiwanja tu. Tusiwaachie. Maana siku moja moto utawaka upande wenu, na kijana mwingine atasimama getini na taa nyekundu mkononi.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli