Kukaa Nje Si Uadui

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha isemayo kuwa nchi zikataazo kuingia katika shirikisho la jirani zao ni ama choyo ama oga. Aliitaja Norwe, akaitaja Uswisi, kisha akaifunga Tanzania kwa kamba ileile, kwa kuwa haikuziitikia mbio za Shirikisho la Afrika Mashariki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri nami nikamsifu. Hoja yake siikubali hata kidogo, na namjibu hapa hadharani kwa sababu wako wenzangu wa chuoni wasemao maneno hayohayo kwa sauti kubwa zaidi.

Wanorwe waliulizwa mara mbili, 1972 na 1994, na mara zote mbili wakajibu la. Mara ya pili waliokataa walikuwa 52 na ushei katika kila mia. Walioongoza kukataa ni watu wa kaskazini na wa mwambao, wavuvi na wakulima. Je, waliwachukia Wafaransa? La. Walijua ya kuwa wakiingia, kiasi cha samaki wa kuvuliwa katika bahari yao wenyewe kitaamuliwa Brussels. Wakachagua kufanya biashara na Umoja ule bila ya kuwa ndani yake, na uvuvi na kilimo chao wakabaki kuviamua wenyewe. Gharama yake sitaificha: hutoa fedha, na hufuata sheria nyingi za soko ambazo hawakuzipigia kura. Uswisi nayo, mwaka 1992, ilikataa kwa kura chache mno hata ile sebule ya Umoja, yaani Eneo la Uchumi la Ulaya. Watu waliozoea kuipigia kura kila sheria kubwa hawawi wepesi wa kumkabidhi mwingine kalamu.

Nasi watu wa pwani hii tuna sababu kuliko Wanorwe ya kuiogopa kalamu ya mbali. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja aliikabidhi mrima wetu, kwa mkataba, kampuni ya Kijerumani. Hapana mtu wa Bagamoyo, Saadani wala Pangani aliyeulizwa. Walijibu kwa bunduki, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani; Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka uliofuata pwani yote ikauzwa kwa Ujerumani kwa marki milioni 4. Kila nipitapo mbele ya Boma la Bagamoyo hukumbuka bei hiyo. Basi mtu wa huku asikiapo kuwa mamlaka yatahamishwa kwa faida yake, msimlaumu akiuliza kwanza nani atatia saini.

Naijua silaha ambayo wapinzani wangu huiweka ya mwisho: Mwalimu Nyerere. Ni kweli, mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zetu ziingie uhuru zikiwa pamoja. Lakini wakati ule mtawala alikuwa mmoja, shilingi moja, reli na posta moja. Azimio la Nairobi la Juni 1963 halikutimia. Uganda ilisita, na Jumuiya iliyoundwa 1967 ikafa 1977. Leo tofauti ni za kina. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kenya mtu aweza kuimiliki moja kwa moja. Tukiunganishwa kwa haraka, ni sheria ipi itakayosalia? Wananchi walipoulizwa 2006 na 2007 juu ya kuharakisha shirikisho, wengi wa Tanzania walikataa haraka hiyo, na Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2009 ikaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Jumuiya haikufa kwa hayo. Wanachama wameongezeka.

Lakini sitaki kushangiliwa na wale wapigao kelele za ardhi yetu huku wakiiuza wenyewe. Mwanakijiji wa barabara ya Mapinga na Kerege ambaye shamba lake limegawanywa viwanja bila ya ridhaa yake hapati nafuu kwa kuwa mgawaji ni Mtanzania mwenziwe. Haki ya kukataa ni ya watu. Serikali imeazimwa tu. Ndiyo maana nauheshimu ule utaratibu wa Norwe wa kuuliza kuliko hata jibu lililopatikana. Muungano wetu wa 1964, niupendao, haukupigiwa kura na wananchi wa upande wowote, na huenda nusu ya manung'uniko ya leo yangalikwisha mapema kama swali lingaliulizwa.

Hivi karibuni, katika soko la samaki la Bagamoyo, nilimwamkia mzee mmoja mvuvi, tukazungumza habari hizi. Akasema, "Mwanangu, hilo shirikisho likija, leseni ya kuvulia nitakwenda kuiombea wapi?" Sikuwa na jibu. Katika insha ya mwanafunzi wangu, yenye kurasa kumi na mbili, halimo pia. Nimemrudishia aiandike upya, aanzie pale sokoni.