SUMU ZA METALI, SEHEMU YA 3: Unga wa mwani hautoi zebaki mwilini

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja: "Nesi, huu unga wa kijani unaosafisha sumu za metali ni wa kweli?" Wengi wanaouliza wako machimboni. Nawajibu hapa wote: kwa sababu hiyo, usiununue.

Muuzaji hajadanganya kila kitu lakini. Mwani kweli unanasa metali. Chukua klorela, mwani wa seli moja, jamii ya ule utelezi wa kijani kwenye tenki la maji. Kadimiamu ikiingia kwenye maji yake, nyingine inanata hapo hapo kwenye ukuta wa seli, kwa sababu ukuta una chaji hasi na metali ina chaji chanya. Inayopenya ndani ndiyo balaa. Inang'ang'ania protini, inavuruga kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, seli inaacha kugawanyika. Seli nayo inajitetea: inaunda vijinyororo vyenye salfa, vinaitwa fitokelatini, maana kadimiamu na zebaki zinapenda sana kushikana na salfa. Mzigo ukishafungwa unasukumwa kwenye kifuko kilichomo ndani ya seli, unafungiwa humo. Dozi ikizidi, seli inakufa. Ndiyo maana mrututu unaua mwani kwenye mabwawa, ingawa shaba kidogo mwani wenyewe unaihitaji.

Sasa rudi kwenye kile kifuko. Metali bado imo mle! Ukivuna mwani huo, ukaukausha na kuusaga, umesaga na metali yake. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasile hijiki, mwani wa baharini unaopendwa Japani, kwa sababu ya arseniki iliyomo. Kwa hiyo muulize muuzaji: mwani huu umekua kwenye maji gani, na nani kaupima? Mimi bado sijaona kopo lenye jibu.

"Lakini nesi, si utanasa na ya kwangu?" Fitokelatini hutengenezwa na seli iliyo hai, ikijitetea yenyewe. Unga umekufa, unapita tumboni. Hata kama utashika kidogo kilichomo kwenye utumbo, hauwezi kuifuata zebaki iliyoko kwenye ubongo, wala kadimiamu iliyojikusanya kwenye figo, ambayo hukaa humo zaidi ya miaka 10.

Hospitali nasi tunatumia ujanja huo huo wa salfa. Kuna dawa inaitwa dimekapro, Waingereza waliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili dhidi ya gesi ya sumu yenye arseniki. Ni sindano ya ndani kabisa ya msuli, inauma kwelikweli, na imechanganywa na mafuta ya karanga, hivyo kabla ya kuchoma tunauliza kama karanga zinamdhuru mgonjwa. Mwenye sumu ya zebaki ya aina inayopatikana kwenye samaki hapewi kabisa, inaweza kuisukumia ubongoni. Dawa yenyewe ina masharti hayo yote, halafu mtu anakuuzia unga wa kila sumu, kwa mkubwa na mtoto, vijiko viwili asubuhi?

Kinachonikera zaidi ni mama anayechomea dhahabu jikoni, mtoto mgongoni, akiamini unga utasafisha jioni alichovuta mchana. Mvuke wa zebaki hauna harufu ya kukushtua. Unaingia kwenye mapafu, unafika kwenye damu, na kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hela ya kopo moja changieni kikundini mnunue chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke. Usichomee ndani ya nyumba hata siku ya mvua, na mjamzito asiwepo kabisa, hata kama ni yeye mwenye mawe.

Kama mikono inatetemeka, usingizi hauji, unasahau sana, njoo hospitali na utamke mwenyewe: "Nafanya kazi na zebaki." Dalili hizo zina sababu nyingi, na kwenye foleni ya wagonjwa 80 hakuna atakayewaza zebaki usipoitaja. Na lile kopo la unga kama umeshaanza kutumia, njoo nalo pia.