Baraza la Karata: Mkono Mwepesi, Tufungue au Tupite?

Mwezi huu barazani nusura tugombane, na chanzo ni pointi 11.

Tulikuwa wanne mkekani tukicheza briji. Mmoja wetu, kijana, alishika shupaza tano (ree, mfalme, 10, 9, 4), kopa tano (mfalme, 10, 8, 7, 3), uru moja na pau mbili ndogo. Mnajua hesabu: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Jumla yake 10 tu, na mazoea ni kufungua mnada ukiwa na 12 au zaidi. Akafungua shupaza moja, tukashinda. Basi kichwa kikavimba!

Mkono uliofuata alikuwa na shupaza 10, 7, 6, 4, 2; kopa bibi, 9, 6, 5, 3; uru mfalme peke yake; pau ree na bibi. Pointi 11, yaani moja zaidi. Akafungua tena. Mwenzake, mama mtu mzima, alikuwa na pointi zake 13, akapandisha mpaka shupaza nne, maana yake kula mizunguko 10 kati ya 13. Tukapungukiwa na miwili. Mama akaweka karata chini: "Mimi nilikuamini, mwanangu."

Kijana akajitetea kwa kanuni ya 20 ya Mmarekani Marty Bergen: jumlisha pointi na idadi ya karata katika aina zako mbili ndefu, ikifika 20 fungua. Mkono wa kwanza 10 na 10, ndiyo 20. Wa pili 11 na 10, ni 21. Hesabu haina kosa. Lakini kanuni haiangalii pointi zimekaa wapi. Mkono wa kwanza wakubwa wako ndani ya aina ndefu, wanawavuta wadogo zao wale. Wa pili wakubwa wamejibanza kwenye aina fupi, na yule mfalme wa uru akikutana na ree amekwisha. Shupaza tano bila mkubwa hata mmoja, utaongoza nini?

Kwetu Chovae mtu akitoka na dau dogo siku ya upepo, walio pwani wanaliona dau. Kwenye briji mwenzako haoni kitu, anasikia neno lako tu. Ukisema "shupaza moja" yeye anahesabu pointi 12 ambazo huna.

Kiti nacho kina maneno yake. Wawili wa kwanza wakipita, wewe wa tatu unaweza kufungua mwepesi kidogo, kwani mwenzako keshapita na hatapanda juu sana. Ukiwa wa nne, ongeza pointi zako na idadi ya shupaza. Isipofika 15, pita, mkono uishe. Tena wenye geimu tayari wakianguka wanalipa 100 kila mzunguko, wasio nayo 50.

Kijana alimpelekea mama chai jioni ile ile, na kesho yake walikaa pamoja tena.

Haya, mjadiliane nyumbani: shupaza ree, bibi, 9, 8, 5, kopa 4, uru ree, 10, 7, 6, 2, pau 8, 3. Wewe wa kwanza, hamna geimu. Mtafungua? Majibu leteni barazani kabla ya mwisho wa mwezi.